Mchikichi Uliokunywa Chai

Daktari alipofika kiwandani mara ya kwanza, Babu alikunja suruali akamwonyesha goti.

"Hili la kulia," alisema. "Nikiinuka linalia kama bawaba."

"Mzee wangu, mimi si daktari wa watu," yule mwanamke mgeni akajibu. "Ni daktari wa mimea."

Babu akaishusha suruali polepole, kama mtu anayefunga duka mapema. "Sasa mimea nayo ina magoti?"

Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua chikichi, anatupa vikonyo huku na matunda kule. Alicheka mpaka kilemba kikamlegea. "Msamehe, mwanangu. Huyu hata fundi wa baiskeli akipita humwonyesha goti."

Kiwanda chenyewe kilikuwa banda la mabati nyuma ya nyumba. Mlikuwa na pipa la kuchemshia matunda, kinu cha kuponda, na mtambo wa kukamua wenye parafujo ndefu ambao watu wawili waliuzungusha kwa kusukuma nondo. Mwisho kabisa, karibu na mlango wa uani, lilikuwepo pipa la pili, na hapo ndipo alipofanya kazi mjukuu wao. Jina lake la shuleni lilikuwa limeshasahaulika. Watu wote walimwita Kimya. Akisalimiwa aliitikia kwa kichwa, akiulizwa alijibu kwa neno moja, na neno lenyewe ulilazimika kulisogelea ndipo ulisikie.

Kazi yake ilikuwa kuchemsha kile kilichotoka kwenye mtambo, mafuta na maji na tope pamoja, mpaka vitengane. Mafuta mekundu yalipopanda juu, aliyaengua kwa upawa mrefu akayatia kwenye debe. Halafu alifungua koki ya chini, na maji ya kahawia yaliyobaki yakatoka yakifuka moshi hadi mtaroni. Alikuwa na mkono mwepesi. Kiwanda kizima kilijua kwamba debe lililotoka kwa Kimya halikuwa na hata tone la maji.

Siku hiyo wote walidhani mgeni amefuata mafuta. Babu alikuwa ameshamfutia debe zuri kwa kitambaa. Lakini Daktari, na mabuti yake ya mpira, aliyapita madebe yote, akaenda hadi mtaroni, akachuchumaa, akakinga chupa ya kioo chini ya koki.

"Haya hapa," alisema. "Haya mnayomwaga."

"Hayo machafu?" Bibi aliuliza.

"Ndani yake mna vitu vinaitwa fenoli, mama. Mmea hujitengenezea wenyewe ili kujikinga na jua na wadudu. Mnapokamua, mafuta yanapanda juu, ila fenoli nyingine zinayeyuka kwenye maji na kwenda zake mtaroni. Watafiti wamewapa panya. Panya wenye presha, presha ilishuka kiasi. Wenye sukari, sukari ilipungua kiasi."

Babu alisogea karibu. "Panya wana presha? Wameoa?"

Bibi alimtupia kikonyo kimoja, kikampata begani.

"Lakini panya si mtu," Daktari aliendelea, akiinua kidole. "Kwa watu ndiyo kwanza tunaanza, na hatujui mengi. Kwa hiyo tusielewane vibaya. Msije mkaanza kunywa."

Babu aliitikia kwa kichwa kwa unyenyekevu mkubwa, na mtu aliyemjua angeshtuka hapo hapo, maana Babu hakuwahi kuwa mnyenyekevu kwa zaidi ya dakika moja bila sababu.

Sababu ilikuwa kipimo cha presha. Bibi alikitunza kabatini, chini ya mashuka, na kila Jumapili asubuhi alimfunga Babu mkononi kama anayefunga mzigo. Kipimo kikisoma juu, Babu alifungiwa barazani wiki nzima na redio, bila ruhusa ya kugusa nondo ya mtambo. Mtambo aliuunda yeye mwenyewe, parafujo aliitafuta yeye, na sasa alilazimika kuusikiliza kutoka barazani kama mtu anayesikiliza harusi ya jirani ambayo hakualikwa. Wiki ya tatu ilikuwa imeingia, na siku hiyo aliruhusiwa kushuka kwa ajili ya mgeni tu.

Daktari alieleza anachotaka. Chupa kumi, siku kumi. Kila siku maji ya kwanza baada ya kuengua, yajae mpaka shingoni, chupa ibandikwe lebo yenye namba na tarehe, iingie kwenye friji papo hapo. Na daftari.

"Nani anaandika hapa?"

Wasukuma nondo waliangalia viatu vyao. Bibi akasema, "Mke mwenzangu yule alifika darasa la tano."

Hivyo ndivyo alivyomwita mjukuu wake tangu akiwa mchanga, mke mwenzangu, na Babu naye alimwita mke mdogo. Kimya alijificha nyuma ya upawa, ingawa upawa haukuwa na upana wa kumficha mtu.

"Darasa la tano linatosha," Daktari alisema. "Njoo. Humu kwenye daftari uandike kila unachokiona. Rangi, harufu, moto uliwaka vipi, mvua ilinyesha au la. Hata kitu cha kipuuzi. Hasa kitu cha kipuuzi."

Kisha akasema maneno ambayo Kimya aliyabeba kifuani siku zote zilizofuata. Kwamba alikuwa anatafuta mtu wa kutunza sampuli kwa mwaka mzima. Kwamba mtu huyo angekwenda maabara siku tatu kila wiki, angefundishwa kupima, angevaa koti jeupe. Kwamba viwanda vinne vimepewa chupa kumi kumi, na mtu huyo angetoka kwenye kiwanda ambacho chupa zake zingemridhisha.

Tangu mama yake alipougua na yeye kuacha shule, hakuna aliyewahi kumwomba Kimya aandike kitu chochote. Usiseme barua, hata orodha ya sokoni Bibi aliishika kichwani. Alilichukua daftari kwa mikono miwili, akalipeleka ndani, akanawa mikono kwa sabuni, ndipo akalifungua.

*

Siku ya kwanza aliandika lebo mara nne, tatu akazitupa kwa sababu namba moja ilikaa upande. Friji ilikuwa sebuleni, imetandikwa kitambaa cha kufuma juu yake, na Bibi alilazimika kuhamisha mitungi miwili ya maji ili chupa ipate rafu yake peke yake.

"Haya," Bibi alisema. "Maji ya mtaroni yamepata chumba. Kesho yatataka na chandarua."

Kimya aliandika: *Siku ya kwanza. Maji rangi ya kahawia. Moto mzuri. Hakuna mvua. Bibi amecheka.*

Siku ya pili na ya tatu zilikwenda vizuri. Siku ya nne jioni alifungua friji kutazama chupa zake, kama mtu anavyochungulia vifaranga, akaona chupa ya nne imebadilika. Mchana aliijaza mpaka shingoni. Sasa ilikuwa imejaa mpaka kwenye kifuniko, na rangi yake ilielekea wekundu. Aliigeuza kwenye mwanga. Chini kabisa kulikuwa na kitu kidogo cheusi kilichojikunja. Akakitazama sana. Aliandika: *Chupa ya nne imejaa kupita nilivyojaza. Rangi imekuwa nyekundu kidogo. Chini kuna kitu kama jani la chai.*

Aliona ni upuuzi, lakini upuuzi ndio alioagizwa.

Chupa ya tano haikuwa na neno. Ya sita ilikuwa na majani mawili. Ya saba ilikuwa imefungwa vibaya, kifuniko kimekaa upande upande, na Kimya hakuwahi kufunga kifuniko namna hiyo maishani mwake.

Siku hizo hizo Bibi alianza kuwa na furaha isiyo ya kawaida. Babu alikuwa ameanza kuisifia chai yake. Kwa miaka arobaini alikuwa akiinywa kimya kimya kama anayemeza dawa, sasa alimaliza kikombe na kuomba cha pili, tena cha rangi, bila sukari.

"Mke wangu, chai ya siku hizi umeitia nini?"

"Majani na maji. Nitie nini kingine?"

"Basi ni mkono. Mkono umenoga."

Bibi aligeukia jikoni ili asionekane anatabasamu. "Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa," alisema, lakini kikombe cha pili alikimimina hadi ukingoni.

*

Siku ya tisa, saa sita mchana, jua likiwa la utosi na wasukuma nondo wakila kivulini, Kimya aliingia sebuleni kuchukua kalamu. Babu alikuwa amesimama mbele ya friji iliyo wazi. Mkono mmoja umeshika glasi iliyokwisha nusu. Mkono mwingine umeshika kikombe cha chai, na alikuwa akikimimina taratibu kwenye chupa ya tisa, ulimi nje, kama fundi saa.

Walitazamana. Friji ikaanza kunguruma.

"Mke mdogo," Babu alinong'ona, "funga mlango, baridi inatoka."

"Babu!"

Hilo lilikuwa neno lake kubwa kuliko yote ya mwezi ule.

"Nisikilize kwanza. Nusu glasi tu. Nikipunguza tu, utajua. Kwa hiyo narudishia chai ili uzani wa chupa usipungue. Mimi si mwizi, narudisha."

Kimya aliuelekeza mkono dirishani, kwenye uwanja, kwenye banda, kwenye mtaro ambamo maji yale yale yalikuwa yakitiririka debe kwa debe tangu kabla hajazaliwa.

"Yale ya mtaroni?" Babu alikunja uso. "Wewe nawe. Yale ni machafu! Haya yameandikwa. Yana namba, yana tarehe, yamelala kwenye friji. Kitu kikiandikwa hivi ni dawa." Akaigusa lebo kwa kidole. "Na mwandiko wenyewe ulivyo mzuri. Ukiusoma tu unapata nafuu."

Kimya alitaka kukasirika. Alikuwa na haki ya kukasirika. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuusifia mwandiko wake, na hasira ilipofika kooni ikasita njiani.

"Bibi yako asijue," Babu akasema, na sasa sauti yake haikuwa na mzaha. "Akijua nimekunywa kitu bila ruhusa, sitoki tena barazani. Nitazeekea pale na redio. Niahidi hutasema."

Kimya alimtazama mzee wa watu, na glasi yake, na masharubu yenye matone ya kahawia.

"Sitasema," alijibu.

Alipotoka aliandika. Aliandika kwa kuwa Daktari alisema kila unachokiona.

Jioni ya siku ya kumi dereva wa Daktari alikuja kuchukua boksi la chupa na daftari. Kimya alikuwa nalo daftari mkononi, amesimama mlangoni. Dereva alitia boksi garini, akapiga honi, akaondoka. Ingemtosha Kimya kusema "subiri". Neno lilimfika mdomoni, likakaa hapo mpaka vumbi likatulia.

*

Wiki mbili baadaye simu ya Bibi ililia. Alikuwa Daktari, na alisema maneno machache tu: ameona jambo la ajabu kwenye chupa zao, anakuja Jumanne.

Hapo Babu hakushikika. Mpaka Jumatatu jioni mtaa mzima ulishajua kwamba michikichi ya kiwanda kile si michikichi ya kawaida. Muuza mkaa aliambiwa. Fundi cherehani aliambiwa mara mbili. Kimya peke yake hakula vizuri. Usiku aliota koti jeupe likiwa na doa la chai kifuani.

Jumanne, Daktari alikaa sebuleni na karatasi zake magotini. Bibi alileta chai. Babu alivaa shati la sikukuu. Kimya alisimama karibu na friji, mgongo wake umegusa mlango wake baridi.

"Chupa zenu sita ni nzuri," Daktari alianza. "Nne zina fenoli nyingi mno. Sijawahi kuona kiwango kama kile kwenye maji ya mchikichi."

"Nilisema!" Babu alipiga paja. "Ni udongo. Ni udongo wetu na mtambo wangu."

"Ndivyo nilivyodhani hata mimi, mzee. Nilifurahi siku nzima. Halafu tukapima vitu vingine, tukakuta kafeini." Akainua kikombe chake, akakitazama, akakirudisha mezani bila kunywa. "Mchikichi hauna kafeini. Ningependa kujua mchikichi wenu unakunywa chai na nani."

Kikombe cha Babu kilianza kugonga kisahani chake, taratibu, tik, tik, tik.

"Chai nayo ina fenoli zake, tena nyingi," Daktari aliendelea. "Kwa hiyo mtu alizijaza chupa zangu chai. Labda alitaka kiwanda chake kishinde." Akamgeukia Kimya, na uso wake haukuwa mkali, ulikuwa umechoka, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Chupa zilikuwa mikononi mwako, mdogo wangu. Nisaidie."

Kimya alimtazama Babu. Babu alikuwa anatazama kisahani chake kama kwamba kimeandikwa habari. Kimya akaona koti jeupe linaondoka, linaingia garini, linapiga honi.

Kisha akageuka, akatia mkono chini ya kitambaa cha kufuma juu ya friji, akalitoa daftari.

"Dereva alilisahau," alisema. "Hapana. Mimi... niliogopa kumwita." Yalikuwa maneno mengi sana kwake, na alikuwa bado hajamaliza. "Kila kitu kimo."

Daktari alilifungua. Alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, akavaa miwani. Alipofika wa nne akaanza kusoma kwa sauti, si kwa ubaya, ni kwamba alikuwa amejisahau. "*Chini kuna kitu kama jani la chai.* Ya nne, sawa. Ya sita, *majani mawili.* Ya saba, *kifuniko si mimi niliyekifunga.*" Akatazama karatasi zake. Nne, sita, saba. Kidole chake kilikuwa kinaruka kutoka daftarini hadi kwenye karatasi. "Na ya tisa... *Siku ya tisa. Moto mzuri. Hakuna mvua. Mtu mmoja mwenye mvi na masharubu amekunywa nusu glasi na kurudishia chai. Sababu yake ni presha. Nimeahidi sitasema.*"

"Mwenye mvi gani?" Bibi aliuliza.

Alijibiwa na kisahani. Tik, tik, tik.

"Mwenye masharubu gani?" Bibi alisimama. "Kwa hiyo ile chai yangu... 'Mke wangu umeitia nini,' 'mkono umenoga'... ilikuwa inakwenda kwenye chupa!"

"Nusu," Babu alisema kwa sauti ndogo. "Nusu niliinywa kweli. Na kweli ilinoga."

"Miaka arobaini nasubiri mtu aisifie chai yangu, kumbe anaipigia hesabu ya kujazia maji ya mtaro!"

Daktari alikuwa ameinamisha kichwa ndani ya daftari na mabega yake yanatikisika. Alipoinua uso alikuwa anafuta machozi. Kisha alikaza uso tena, maana kulikuwa na la kusema.

"Mzee, ungeweza kujidhuru. Maji yale hayajapimwa kwa ajili ya mtu kunywa. Unatumia dawa za presha?"

"Anatumia," Bibi alisema.

"Basi mweleze daktari wako wa hospitali yote, wiki hii hii. Na wewe..." Akamgeukia Kimya. "Ulijua tangu siku ya tisa. Ulikaa na jambo hili wiki mbili, mimi nikafurahia takataka siku nzima, nikapiga simu kwa watu. Hilo limeniudhi."

"Nisamehe, dada," Kimya alisema. Halafu, kwa kuwa siku yenyewe ilikuwa imeshaharibika na hakuna cha kulinda tena, akauliza, na sauti yake ikafika mpaka mlangoni bila mtu kuisogelea: "Ile nafasi imekwenda?"

Daktari alilifunga daftari, akaliweka juu ya karatasi zake.

"Viwanda vingine vitatu vimenipa madaftari pia. Wameandika watu wenye vyeti. Siku ya kwanza, hali ya kawaida. Siku ya pili, hali ya kawaida. Mpaka ya kumi, hali ya kawaida. Sijawahi kuona kiwanda chenye hali ya kawaida siku kumi mfululizo. Lako ndilo pekee lililoniambia chupa zipi nitupe na zipi nitunze, na limezitaja nne zile zile zilizotajwa na mashine." Akashusha pumzi. "Rudia chupa kumi. Ukiona kitu, siku hiyo hiyo unanipigia simu. Najua unaogopa simu. Utaogopa huku unapiga. Ukifika ya kumi bila kunificha neno, Jumatatu inayofuata unakuja maabara."

Kimya aliitikia kwa kichwa, kisha akakumbuka. "Ndiyo," alisema.

Bibi alikuwa ameshaleta kipimo. Alimfunga Babu mkono mbele ya mgeni, bila huruma, akabonyeza. Wote wakasubiri mashine ipumue. Namba zilipotokea, Bibi alizisoma, akazisoma tena.

"Imeshuka," alisema, kama mtu aliyeletewa habari mbaya.

"Ahaa!" Babu alinyooka kitini. "Andika hiyo! Daktari, andika! Niandikeni panya."

"Inawezekana ni maji," Daktari alisema akikusanya karatasi zake. "Inawezekana ni chai bila sukari. Inawezekana ni dawa zako zenyewe, au ni kule kuamka kutoka barazani kwenda kwenye friji mara kumi kwa siku. Mtu mmoja, nusu glasi, hakuna anayejua. Ndiyo maana tunahitaji chupa ambazo hakuna aliyezinywa."

"Barazani unabaki," Bibi akamalizia. "Wiki moja. Kwa ajili ya chai yangu."

Siku iliyofuata Kimya aliamka mapema, akawasha moto chini ya pipa, akangoja mafuta yapande. Aliyaengua yote, akafungua koki, akakinga chupa mpya mpaka shingoni. Alipoibandika lebo, namba moja ilisimama wima mara ya kwanza. Kisha akalifungua daftari jipya na kuandika:

*Siku ya kwanza. Maji rangi ya kahawia. Moto mzuri. Manyunyu kidogo. Friji imefungwa kwa kufuli, ufunguo ninao mimi shingoni. Babu amepita mbele ya friji mara tatu, amesema anatafuta miwani. Miwani alikuwa ameivaa.*